Filamu ya Treni Isiyoonekana

Mwanangu Lusungu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimejaribu kuanza hivyo nikacheka peke yangu. Wewe hujawa mbali bado. Uko hapo chini kwa mchungaji unaaga, maharage yako yanatokota jikoni, na soksi zako nimezitundika karibu na moto kwa sababu Njombe hii nguo haikauki hata uiombee. Nimekaa kwenye meza ya cherehani, nimesogeza vitambaa vya watu pembeni, naandika haraka kabla hujarudi. Ukirudi utaniuliza naandika nini, na nitakudanganya.

Sitakuandikia mambo ya kula wala ya kuvaa. Hayo shangazi yako Esta atakusomesha kesho huko Makambako mpaka masikio yakuume. Mimi nataka kukuandikia habari za ile filamu.

Najua umeniona nina neno moyoni tangu Jumapili ile. Ulipomaliza kunionyesha filamu kwenye kompyuta ya rafiki yako, nilisimama nikasema kichwa kinauma, nikaingia kulala jua halijazama. Ukadhani namlilia baba yako. Ni kweli nilimlilia. Ila mtu humlilia marehemu wake kwa sababu nyingi, na ile ya siku hiyo huijui.

Halafu leo mchana, ukiwa unakunja mashati, ukaniuliza, "Mama, kesho utakuja kituoni kunisindikiza?" Nikakujibu, "Tutaona," na mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani. Ukachukua shati jingine. Uliponipa mgongo nilitazama mguu wangu nikaogopa. Ndiyo maana nimetoa karatasi.

Nianze na kibanda umiza chetu, kile cha kuonyeshea filamu. Kilikuwa Makambako, ng'ambo ya barabara kuu, nyuma ya maegesho ya malori. Kuta za mabanzi, bati juu, mabenchi yasiyo na egemeo, runinga moja yenye kisogo kikubwa na deki ya mikanda. Baba yako alikuwa mtafsiri. Ninyi wa leo mnasoma maandishi chini ya picha. Sisi tulikuwa na baba yako. Alikaa kwenye kigoda kando ya runinga, maiki mkononi, akipunguza sauti za Wazungu na kuweka ya kwake. Alikuwa polisi, akawa mwizi, akawa bibi kizee, akawa hata mbwa. Watu walimwita Redio, na mpaka leo wapo madereva wakinikuta sokoni wananiita Mama Redio.

Kiingereza chenyewe? Aliishia darasa la saba kama mimi. Kingine alikiokota kwa madereva wa Zambia. Pale asipoelewa alimtazama mtu usoni, akasema kile ambacho uso ule ungesema. Siku moja nilimwuliza kama haogopi kuwadanganya watu. Akanijibu, "Mama Lusu, nikikosea maneno hawajui. Nikikosea uso watanirushia magunzi." Ndivyo alivyokuwa, mcheshi, mwepesi wa kila kitu isipokuwa hasira.

Mimi nilikaa nje mlangoni na jiko la mkaa, nikichoma mahindi, nikiuza chai ya tangawizi na kupokea viingilio, wewe mgongoni. Ndani sikuingia. Mke wa mtu akae gizani katikati ya madereva? Makambako ile ingenimaliza kwa maneno. Na ningeingia, nani angeshika mlango? Basi filamu zote za ujana wangu nilizisikia kupitia nyufa za mabanzi, kwa sauti ya mume wangu. Nilipika chai huku nikisikia watu wakiuawa, wakioana, wakiruka kutoka ghorofani, na wote walikuwa yeye. Sikujua kama wengine wanapata filamu bora kuliko yangu, na sikutaka kujua.

Sasa hadithi ya kituoni. Hiyo unaijua. Shangazi zako wameisimulia kila kwenye harusi, wameshika mbavu: jinsi kaka yao alivyoshinda kituo cha treni na sanduku lake kama bwana harusi aliyekimbiwa, kisha akarudi nyumbani kuuliza kama kuna chai. Huwa nacheka pamoja nao. Wanacheka ile sehemu waliyoiona.

Kulikuwa na mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa akirekodi tafsiri kwenye mikanda na kuisambaza nchi nzima. Alipita Makambako, lori lake likaharibika, akaingia kibandani kwetu kujikinga na baridi, akamsikia baba yako. Kesho yake alimwambia, "Redio, sauti kama hii inaoza huku. Njoo mjini." Baba yako hakulala wiki ile. Aliniambia tutaondoka wote watatu. Yeye angetangulia kituoni kukata tiketi, mimi nije na mtoto treni ikikaribia. Nikamwambia, "Tutaona." Nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta.

Kwetu Matamba mwanamke hamwambii mumewe hapana usoni. Mama yangu hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya baba. Alisema tutaona, na baba alitazama mikono yake. Ikiacha kazi, amekubali. Ikiendelea na kazi, hataki, na baba aliliacha jambo hilo bila ugomvi wala aibu kwa mtu yeyote. Mimi nilikua nikidhani dunia nzima inajua kutazama mikono. Baba yako alilelewa kando ya barabara na watu wanaopigiana kelele kutoka dirisha la lori hadi dirisha la lori. Hakutazama mikono yangu. Alinibusu kichwani, akachukua sanduku, akaenda.

Nilikuwa nimefunga mizigo, Lusungu. Hilo shangazi zako hawalijui. Nilikufunga mgongoni, nikakaa kitandani na kanga yangu nzuri, furushi la nguo miguuni. Kituo hakikuwa mbali, ningetembea hata nikiwa na homa. Nilikuwa naogopa mji, ndiyo, na nilimwogopea mtoto wangu joto la pwani. Lakini nikisema ni woga tu nitakuwa nakutafsiria. Kilichonikalisha kitandani ni kwamba nilitaka kujua. Nisipotokea, atapanda au atarudi? Treni ikaja. Vikombe vyangu vilitikisika kabatini kama siku zote. Ikapiga honi, ikasimama, ikakaa, ikaondoka. Nikasema basi, amekwenda, nikaanza kulia na wewe ukaanza kulia.

Halafu mlango ukafunguka. Aliweka sanduku chini, akatundika koti kwenye msumari, akasema, "Chai ipo?"

Nilifurahi sana. Nataka ujue hilo, ni sehemu ya ubaya wake. Nilimpikia chai nikijiambia kumbe napendwa hivi. Na kweli nilipendwa. Alikunywa akitazama ukutani, nami nikatazama mgongo wake, na sikuuliza mgongo ule unasema nini. Nilikuwa nimemshinda mtu ambaye hakujua kwamba tunashindana. Yule bwana wa Dar hakumwita tena. Baba yako hakuniuliza kwa nini sikuja, si siku ile wala siku nyingine. Majirani walipouliza mbona safari imekufa, mimi ndiye niliyejibu kwa haraka: "Haikuwa bahati."

Mwaka uliofuata, majira ya baridi, ndipo ule mkanda ulipokuja. Dereva mmoja alituachia mikanda ya ngumi, na katikati yake ukawamo mmoja usio na karatasi wala jina. Baba yako aliuweka siku ambayo mkanda wa ngumi ulinasa kwenye deki na watu walishaingia. Picha ilipotokea, nyeusi na nyeupe, walianza kupiga miluzi. "Redio, umetuletea mazishi!" "Rangi imeibwa!" Niliwasikia nikajiandaa kurudisha viingilio. Kisha baba yako akashusha sauti, akaanza taratibu, kama mtu anayekuambia jambo lake mwenyewe: "Mimi nilikuwa mlinzi wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kuzima taa. Nisikilizeni, halafu mnihukumu."

Miluzi ikakoma. Nami nikasahau mahindi yakaungua.

Hadithi yenyewe unaijua sasa, lakini acha niisimulie kama nilivyoisikia mimi. Mlinzi anampenda mwanamke wa mgahawa jirani na stesheni. Mwanamke anamilikiwa na tajiri mwenye ghala, kama viti vya mgahawa vinavyomilikiwa. Wanapanga waibe begi la tajiri, wakutane stesheni, waondoke. Mlinzi analipata begi. Yuko mlangoni tayari, hakuna aliyemwona, anageuka, anaona taa ya ofisini inawaka. Basi anarudi kuizima. Miaka yote amezima taa, mkono wake haujui kuiacha. Na humo ofisini ndimo wanamomkutia. Wakati huo mwanamke yuko stesheni, treni inaingia.

Madereva walisimama. Niliyasikia mabenchi yakianguka. "Zima haraka!" "Iache hiyo taa, mjinga wewe!" Baba yako akawa anapumua kwenye maiki kama treni, chu, chu, chu, na kituo chetu halisi kilikuwa pale pale, lakini hakuna aliyekumbuka. Kisha akapaza sauti: "Kapanda! Kapanda huyo! Mwacheni aende!"

Mtu mmoja akauliza, "Redio, mbona bado tunamwona amesimama?"

Baba yako hakusita. "Huyo mnayemwona ni kumbukumbu ya mlinzi. Mwenyewe kashapanda."

Wakaridhika! Walipiga makofi mpaka bati likalia. Mkanda ule ukawa wa kila Jumamosi. Watu waliouona mara nyingi walirudi na ndugu zao. Walibishana barabarani treni ile ilikuwa na mabehewa mangapi, kichwa chake ni cha mkaa au cha dizeli. Mafundi wa reli waliapa kuwa wanaijua aina yake. Na kila kitu kikimharibikia mlinzi, baba yako alimpa neno moja, "Si mimi, ni bahati yangu," ambalo likawa neno la mji. Dereva akigonga mbuzi: si mimi, ni bahati yangu. Fundi akikata suruali ya mtu fupi: si mimi, ni bahati yangu. Hata mimi nililitumia.

Lakini ile "kapanda" ilinichoma. Kila Jumamosi nilikaa na jiko langu nikimsikia mume wangu akishangilia mwanamke anayepanda treni na kumwacha mtu wake. Nikasema ananisimanga. Ananionyesha mbele ya watu wote mke wa kweli anafanyaje: anakuja stesheni, anapanda. Nilibeba jambo hilo miezi mingi, mpaka siku moja tukiosha vikombe likanitoka.

"Kama ulitaka kwenda, si ungekwenda?"

Akanitazama. "Kwenda wapi?"

"Unajua. Kila Jumamosi, kapanda, kapanda. Mimi si kiziwi."

Alifuta kikombe kwa muda mrefu. "Mama Lusu," akasema, "filamu ndiyo inavyosema. Mimi natafsiri tu."

Nikamwamini, kwa sababu sikuwahi kuiona. Nikaamini na nikabaki na kinyongo, vyote viwili. Ningeingia ndani Jumamosi moja tu, nikasimama nyuma ya mabenchi, ningeona. Nilijisemea bado ipo, nitaiona siku moja.

Kilichofuata ulikuwepo. Watu walinunua runinga zao, kibanda kikafa, tukahamia hapa Njombe, mtaa wa Ramadhani, mimi na cherehani, yeye kiwanda cha mbao. Vumbi la mbao likamkaa kifuani. Wewe ulikuwa sekondari ya bweni tulipompeleka hospitali ya Ikonda, ulikuja mara moja ukamkuta amelala. Kuna jambo la siku zile sikukueleza kwa sababu nililiona la kipuuzi. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabla yake. Redio nzima ilikuwa imebaki mnong'ono. Kitanda cha pili alikuwepo mzee mmoja, dereva wa zamani, akamtazama siku mbili, ya tatu akasema, "Wewe si Redio wa Makambako?" Baba yako akatikisa kichwa kukubali. Yule mzee akajikongoja akakaa, akauliza kwa shauku kabisa, mtu mwenye mipira miwili ya dawa mwilini: "Hebu niambie. Yule mwanamke wa treni. Alifika alikokwenda?"

Baba yako alicheka bila sauti. Akavuta pumzi, akasema, "Alifika."

Nikawaambia walale, nikaenda kuchemsha uji nje na wauguzaji wenzangu, nikiwaza wanaume hawakui. Ndiyo nilichowaza, Lusungu. Alikufa juma lile.

Sasa nakuja Jumapili yetu. Umeitafuta filamu hiyo mtandaoni kwa miezi, ukiwaeleza watu usiowajua habari za mlinzi na taa, na ukaipata. Ukanikalisha hapa, ukanifunika blanketi, ukasema, "Leo utaingia ndani, mama." Na kwa kuwa sijui Kiingereza, ukaanza kunitafsiria. Hukujua ulivyofanya. Ulishusha sauti kama yeye.

Nilishangaa kwanza jinsi ilivyo maskini. Kibanda chetu kilikuwa na ghala lenye milango ishirini na mgahawa wenye vioo na stesheni yenye saa kubwa; nilivijenga mwenyewe nikiwa nje. Filamu yenyewe ina vyumba vinne vya kuhesabu, na wewe ukaanza kunicheka: "Mama, tazama, ukuta huu ndio ule wa mgahawani, wamegeuza tu picha iliyotundikwa." Ukaniambia ukungu wote ule ni moshi waliopuliza kuficha kwamba hapana mji nyuma yake. "Wangekuja Njombe," ukasema, "ukungu bure." Mimi nikaona ya fundi: yule mwanamke ana gauni moja mwanzo mpaka mwisho. Sehemu moja wameongeza ukosi, sehemu nyingine wameutoa na kushusha upindo, na alama ya upindo wa zamani inaonekana. Nilimhurumia aliyeshona. Nilimheshimu pia.

Na ukanifundisha jambo ambalo sitalisahau, uliposimamisha picha na kuniuliza, "Unaona taa ngapi?" Nikasema moja. "Hawakuwa na nyingine," ukasema. "Ndiyo maana nusu ya uso iko gizani, na wewe unakaa unaitazama hiyo nusu usiyoiona." Hapo nilielewa kwa nini unataka kwenda kushika taa za watu wanaopiga filamu. Nilikuwa nimekudharau, mwanangu. Nilikuwa nasema kijana mzima na cheti chake anakwenda kubeba taa. Nisamehe hilo.

Kisha mlinzi akarudi kuzima taa, nami nikakaza mikono, maana nilikuwa naijua saa yangu inakuja. Stesheni. Mwanamke amesimama na kibegi. Nikakuuliza, "Treni iko wapi?"

"Haipo, mama. Hawakuwa na fedha ya treni."

Kuna ukuta, kuna uso wake, na kuna mwanga unaopita juu ya uso huo, dirisha baada ya dirisha, dirisha baada ya dirisha. Treni yote ni hiyo. Mafundi wa reli wa Makambako waliapia mabehewa yaliyopita kwenye shavu la mwanamke. Niliisikia kifuani, vikombe vyangu vya zamani vikatikisika. Mwanga ukapunguza mwendo, ukasimama juu yake. Akatazama mlango wa stesheni, siyo treni. Mwanga ukaanza kutembea tena, ukaenda kasi, ukaisha, na yeye yuko pale pale na kibegi chake.

Ukasema, "Hakupanda."

Nikasema, "Kapanda. Rudisha nyuma."

Ukarudisha. Nikakuambia urudishe tena. Ukarudisha na mara ya tatu, ukanitazama, ukaacha kucheka. Hakupanda, Lusungu. Filamu haikuwahi kusema alipanda. Alisimama akamsubiri mtu ambaye hakuja, treni yake ikapita usoni pake, na baba yako aliyatazama hayo kila Jumamosi miaka yote ile, yeye peke yake kati ya watu wote wa kibanda akijua ilivyo kusimama pale. Alimjua yule mwanamke. Alikuwa yeye mwenyewe na sanduku lake. Na akashindwa kumwacha pale. Akampandisha kwa nguvu ya sauti yake, kila Jumamosi, mpaka Ikonda alipoishiwa sauti akampandisha kwa mnong'ono.

Na mimi nikadhani ananisimanga.

Hakuwa akisema nami kabisa. Hilo ndilo lililonilaza mchana. Nilikuwa na mume aliyekuwa na huzuni kubwa hatua tatu kutoka kwenye jiko langu, anaieleza kwenye maiki, na mimi nikasikia mambo yangu tu. Sikuwahi kumwambia nilikuwa nimefunga mizigo. Sikuwahi kumwambia nilikaa kitandani kwa makusudi. Angekasirika, labda angeniacha, labda tungecheka uzeeni. Sasa nakuambia wewe, na si haki, wewe si yeye. Sina mwingine aliyeiona filamu.

Mlinzi anasema si mimi, ni bahati yangu. Kibandani tulimwonea huruma. Jumapili nilimtazama kwa macho yangu nikaona hakuna bahati humo ndani. Kuna mlango uko wazi na kuna mtu anayegeuka. Hata mimi, yule niliyewaambia majirani haikuwa bahati, nilikuwa mzima, miguu ninayo, na kituo kilikuwa karibu.

Sasa tazama nilivyokufanyia wewe. Yule bwana wa filamu anayekupa kazi ya taa alikuita mara ya kwanza, mgongo wangu ukauma. Uliuma, lakini si kama nilivyolia. Alikuita mara ya pili, nikakumbuka bati la jikoni linavuja, na bati lile limevuja tangu tulipohamia. Safari hii amekwambia usipofika atamchukua mwingine, na mimi nimekujibu tutaona huku nakanyaga cherehani. Ulikuwa na umri wa kukaa mgongoni nilipomjaribu baba yako hivyo. Nilikuwa naanza kukujaribu wewe, kuona kama utabaki. Na ungebaki, nakujua. Ungetundika koti ukaniuliza kama kuna chai.

Watu wanakushangaa kwa nini hupandi basi kama wenzako, unang'ang'ania treni ambayo hata mkuu wa stesheni hajui itafika lini. Esta alinisalimia na kuniambia kwenye simu, "Kamwene, wifi, mtoto wako ana kichaa cha baba yake." Ulinieleza kwa neno moja tu, kwamba unataka kupanda pale ambapo baba hakupanda. Nilikuwa na pini mdomoni, nikashukuru kuwa siwezi kukujibu.

Tangu siku ile sijakanyaga kituo kile. Nimepita Makambako mara ngapi kununua vitambaa, nazunguka. Kesho wewe utatangulia asubuhi kwa Esta, na mimi nitakuja mchana nikishakabidhi sare za watoto wa shule, kwa sababu nimeahidi, na treni ni ya jioni. Hiyo ndiyo ratiba. Barua nitailaza juu ya mashati, mahali utakapoiona ukifungua begi kwa Esta kutafuta sweta, na Esta atakulazimisha kutafuta sweta. Isome hapo, kabla ya kwenda kituoni.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unacheka na watoto wake. Maharage yameshika chini ya sufuria. Utayala utasema ni matamu, kama baba yako.

Kesho nitakuja. Sijaandika tutaona, nimeandika nitakuja, na mkono huu umeacha kazi nyingine zote ili kuandika. Lakini magari ya Njombe yana mambo yake, na mimi nina mambo yangu, najijua. Treni ikiingia na hujaniona, usitazame mlangoni. Usimtume Esta barabarani, usimwombe mtu yeyote asubiri kidogo. Hata ukijua nimekaa kitandani hapa Ramadhani na kanga yangu nzuri, panda, usinirudie, sitakuwa na chai.

Na nikiwepo, tafuta kiti cha dirishani. Nitasimama karibu na ukuta, pale mwanga wa madirisha utakaponipitia usoni, unitazame vizuri, maana hiyo ndiyo kazi unayokwenda kujifunza. Utaniona nimesimama tu. Watu wa Makambako watanishangaa, na wazee wachache watakumbuka, kwa sababu nitasema kwa sauti kubwa kuliko honi: Kapanda. Kapanda huyo. Mwacheni aende.

Mama yako,
Mama Redio